Kwa nini sheria ya 2011 haikuzima barua za madai ya hataza nchini Marekani

Swali: Mimi na wenzangu wawili tunaendesha kampuni ndogo ya programu hapa Marekani. Tumepokea barua kutoka kwa kampuni ambayo hatujawahi kuisikia, ikidai kwamba namna tunavyowatumia wateja taarifa inakiuka hataza yake, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi inayotolewa na serikali, na kwamba tukilipa dola 45,000 ndani ya siku 30 suala litakwisha. Wakili mmoja ametuambia kulipa ni nafuu. Nilidhani Bunge lilikwisha kubadilisha sheria ya hataza mwaka 2011 ili kukomesha mambo haya. Je, mabadiliko yale yalifanya nini, na kwa nini hayakutosha?

Jibu: Ndugu msomaji, wakili aliyekuambia kuwa kulipa ni nafuu hakukosea hesabu, na ndani ya hesabu hiyo ndimo tatizo zima linamokaa. Kesi ya hataza katika mahakama ya shirikisho, ikiendeshwa hadi hukumu, humgharimu mdaiwa mamilioni ya dola hata akishinda, na hatua za mwanzo peke yake zinaweza kula mamia ya maelfu kabla juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, haijaitwa. Kwa hiyo anayekudai dola 45,000 hakuuzii leseni kwa thamani ya uvumbuzi wake. Anakuuzia nafuu ya kutoshtakiwa, na bei ameiweka chini ya gharama ambayo ungeingia ili kuthibitisha kwamba huna kosa. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na biashara hii inakwenda hivyo hasa: anayejua kipato chako hudai kile unachoweza kutoa ukabaki hai.

Hili si dhana yangu tu. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitumia mamlaka yake kudai nyaraka za ndani za kampuni 22 zinazoishi kwa kununua hataza na kudai malipo, kisha ikachapisha uchunguzi wake Oktoba 2016. Ilikuta makundi mawili yasiyofanana. Kundi la kwanza lilikuwa la kampuni chache zenye akiba kubwa ya hataza, zilizojadiliana leseni za fedha nyingi, mara nyingi bila kumshtaki mtu kwanza. Kundi la pili lilianza kwa kushtaki; ndilo lililofungua asilimia 96 ya kesi zilizochunguzwa, lakini likapata takribani asilimia 20 tu ya mapato. Katika kundi hilo, leseni 77 kati ya kila 100 zilikuwa za chini ya dola 300,000, na Tume yenyewe ilieleza kuwa kiasi hicho kinakaribiana na kiwango cha chini cha gharama ya kujitetea katika hatua za mwanzo za kesi. Malipo yalifuata gharama ya utetezi, si thamani ya uvumbuzi. Ukilishika jambo hilo moja, utaweza kuipima kila sheria iliyotungwa au kupendekezwa kwa swali jepesi: je, inagusa gharama ya kujitetea, yaani nani anailipa, lini, na mahakama ipi, au inagusa jambo lingine?

Kabla sijaingia katika sheria yenyewe, naomba tahadhari moja kuhusu maneno. Watu wengi huwaita wadai hawa mazimwi ya hataza, na mimi mwenyewe nimetumia methali ya zimwi hapo juu, lakini si kila asiye na kiwanda ni zimwi. Robert Kearns, mhandisi na mwalimu wa chuo kikuu mjini Detroit, alipata mwaka 1967 hataza ya waipa za gari zinazofuta kioo kwa vipindi. Hakuwa akiunda magari. Alimshtaki Ford mwaka 1978, na mwaka 1990, baada ya miaka 12, Ford wakakubali kumlipa dola milioni 10.2, na katika kesi nyingine Chrysler nao wakaamriwa kumlipa zaidi ya dola milioni 18 pamoja na riba. Sheria inayomfungia mlango kila mtu asiyetengeneza bidhaa ingemfungia Kearns kwanza, kwa sababu wakubwa walikuwa na uwezo wa kumchosha kwa gharama zilezile zinazokutisha wewe leo. Ninalisema hili mapema kwa kuwa ndilo lililoigawanya Washington katikati baadaye.

Sasa, mambo yalifikaje hapa? Sheria ya hataza ya Marekani inamhesabu kuwa mkiukaji si anayetengeneza na kuuza tu, bali hata anayetumia. Duka la kahawa linalotumia ruta iliyonunuliwa kihalali linaweza kudaiwa sawa na kiwanda kilichoiunda. Kwa muda mrefu mlango huo haukuwa na madhara makubwa, kwa sababu hataza nyingi zilihusu vitu vinavyoshikika. Kisha mwaka 1998 mahakama ya rufaa inayosikiliza rufaa za kesi zote za hataza nchini iliamua katika shauri la State Street Bank kwamba hata njia za kufanya biashara zinaweza kupewa hataza, na ofisi ya hataza ikafurikiwa na maombi yanayochukua kazi ya kawaida ya karani na kuongeza maneno kwamba inafanywa kwa kompyuta. Mipaka ya hataza za namna hiyo haionekani kwa macho. Mtu anaweza kuandika programu yake kwa uaminifu kabisa, bila kunakili kwa yeyote, na akajikuta ndani ya shamba la mwingine ambalo halina uzio wala alama.

Tukio lililowaamsha wabunge lilikuwa la BlackBerry, simu ya kutuma na kupokea barua pepe. Kampuni iitwayo NTP, isiyotengeneza simu yoyote, ilishinda kesi dhidi ya Research In Motion, watengenezaji wa simu hiyo, na kuomba mahakama izime huduma hiyo nchini. Ofisi ya hataza ilikuwa tayari inazichunguza upya hataza zilezile na ilikuwa imetoa maamuzi ya awali ya kuzikataa, lakini uchunguzi ulikwenda polepole kuliko mahakama, na Machi 2006 Research In Motion wakalipa dola milioni 612.5 kumaliza kesi. Miezi miwili baadaye, katika shauri la eBay dhidi ya MercExchange, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa mwenye hataza aliyeshinda hapati moja kwa moja zuio, yaani amri ya mahakama ya kumsimamisha mkiukaji. Lazima athibitishe kuwa fedha pekee hazitoshi kumfidia. Uamuzi huo ulipunguza makali ya tishio kwa kampuni kubwa. Kwa kampuni ya watu watatu kama yako haukubadilisha kitu, kwa kuwa wewe hutishwi kwa zuio. Unatishwa kwa ankara ya wakili.

Ndipo tunapofika mwaka 2011. Sheria uliyoisikia ni ile iliyopewa majina ya Seneta Patrick Leahy na Mbunge Lamar Smith, iliyopita katika Seneti kwa kura 89 dhidi ya 9 na kutiwa saini na Rais Obama tarehe 16 Septemba 2011. Ilikuwa marekebisho makubwa kuliko yote tangu sheria ya 1952. Sehemu iliyovuma zaidi magazetini ni ile iliyoiweka Marekani karibu na nchi nyingine, kwamba hataza anapewa mvumbuzi wa kwanza kuwasilisha maombi na si anayedai kuwa alivumbua kwanza. Sehemu hiyo ilianza kutumika Machi 2013, na kwa swali lako haina uzito wowote.

Sehemu yenye uzito ni ile iliyounda Bodi ya Kesi na Rufaa za Hataza ndani ya ofisi ya hataza, na utaratibu mpya wa mapitio baina ya pande husika ulioanza Septemba 2012. Kabla ya hapo, aliyetaka kuthibitisha kuwa hataza haikustahili kutolewa alikuwa na uchunguzi upya wa polepole kama ule wa BlackBerry, au alilazimika kulifanya hilo mahakamani, mara nyingi mbele ya juri, kwa kiwango cha juu cha uthibitisho ambacho Mahakama ya Juu ilikisisitiza katika shauri la Microsoft na i4i mwaka huohuo wa 2011. Mbele ya Bodi, majaji watatu wenye ujuzi wa sheria na wa teknolojia huamua kwa kupima upande upi una ushahidi mzito zaidi. Ombi likipokewa, wana miezi 12 ya kutoa uamuzi, na wanaweza kuongeza 6 tu kwa sababu maalumu. Hili lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa aibu ya BlackBerry, na lilifanya kazi. Hata pale wapinzani walipodai kuwa ofisi ya serikali haina haki ya kufuta mali ya mtu bila juri, Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo mwaka 2018 katika shauri la Oil States.

Lakini tazama kisa cha podikasti uone mpaka wa dawa hii. Kampuni iitwayo Personal Audio ilidai kuwa hataza yake inahusu usambazaji wa vipindi vya sauti kwa mfululizo kupitia intaneti, ikaanza kuwadai watangazaji. Oktoba 2013 shirika la Electronic Frontier Foundation, linalotetea haki za watumiaji wa intaneti, kwa michango ya watu wa kawaida, liliwasilisha ombi mbele ya Bodi likionyesha kuwa vituo vya utangazaji vya CNN na CBC vilikuwa wakisambaza vipindi kwa njia hiyo kabla ya hataza ile kuombwa. Bodi ilikubali Aprili 2015, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono Agosti 2017. Ushindi ulikuwa kamili, ila ulichukua karibu miaka 4, na katikati yake mtangazaji Adam Carolla, baada ya mashabiki wake kuchanga mamia ya maelfu ya dola kwa ajili ya mawakili, alimalizana na mdai Agosti 2014, miezi minane kabla ya Bodi kuamua. Mapitio ya Bodi ni nafuu ukiyalinganisha na kesi kamili, lakini ada yake peke yake ni makumi ya maelfu ya dola, na ukiongeza wakili na shahidi mtaalamu unarudi palepale kwenye mamia ya maelfu. Mdai wako anajua hesabu hiyo, ndiyo maana ameandika 45,000.

Kulikuwa pia na kifungu kidogo katika sheria ile ambacho nadhani kilistahili kusemwa zaidi. Zamani mdai aliweza kuwashtaki wadaiwa 50 wasiohusiana katika kesi moja kwa ada moja. Kuanzia 2011 kila mmoja lazima ashtakiwe peke yake isipokuwa wana uhusiano wa kweli katika tendo linalolalamikiwa. Idadi ya kesi ilipanda mara moja, na wengi wakaandika kuwa sheria imeshindwa, wakati sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa ni kesi zilezile zilizogawanywa. Ukisoma takwimu za miaka hiyo, kumbuka jambo hilo kabla hujahukumu.

Basi, sheria ya 2011 iligusa uhalali wa hataza na kuacha gharama ya kesi. Bunge lililijua pengo hilo, na mwaka 2013 lilijaribu kuliziba. Mbunge Bob Goodlatte, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi, aliwasilisha mswada uliolenga pale panapouma. Mdai angelazimika kutaja tangu siku ya kwanza ni kifungu kipi cha hataza kinachokiukwa, na bidhaa gani, na kwa namna gani. Angelazimika kumtaja mmiliki halisi aliyejificha nyuma yake. Shughuli ya kudai nyaraka kwa upande wa pili, ambayo ndiyo inayokula fedha nyingi, ingesubiri mpaka jaji atafsiri maneno ya hataza. Mteja aliyenunua kifaa angeweza kusimama kando huku aliyekiunda akipambana. Na aliyeshindwa angelipa gharama za mawakili wa mshindi isipokuwa msimamo wake uwe ulikuwa na msingi wa kuridhisha kisheria na kiukweli. Tarehe 5 Desemba 2013 Baraza likaupitisha kwa kura 325 dhidi ya 91, wa vyama vyote viwili. Januari iliyofuata Rais aliliomba Bunge, katika hotuba yake ya kila mwaka, likamilishe kazi hiyo.

Halikukamilisha. Tarehe 21 Mei 2014 Seneta Leahy aliuondoa mswada wa Seneti kwenye ratiba ya kamati yake akisema makubaliano hayakupatikana. Mwaka 2015 Goodlatte aliurudisha mswada wake kwa jina la H.R. 9, na kamati ya Seneti ikapitisha wa kwake kwa kura 16 dhidi ya 4, lakini hakuna hata mmoja uliofika kupigiwa kura na baraza zima.

Waliouzuia hawakuwa mazimwi peke yao, na itakuwa si haki kusema hivyo. Vyuo vikuu viliogopa kifungu cha malipo ya gharama, hasa sehemu iliyoruhusu kumuunganisha kwenye deni mtu mwenye maslahi katika hataza, kwa sababu chuo kinachompa leseni kijana mwenye kampuni changa kingeweza kujikuta kinalipa mamilioni pale kijana huyo akishindwa kesi. Wavumbuzi wadogo walimkumbuka Kearns. Kampuni za dawa nazo zilitaka hataza zao ziondolewe kwenye mapitio ya Bodi, na hoja yao ilipata nguvu ghafla mwaka 2015, pale msimamizi wa mfuko wa uwekezaji Kyle Bass alipoanza kuwasilisha maombi ya kufuta hataza za dawa, huku bei za hisa za baadhi ya kampuni hizo zikishuka kila ombi lilipotangazwa. Njia iliyojengwa kuwakinga waliodaiwa ilikuwa imegeuka chombo cha mtu mwingine kujipatia faida.

Maoni yangu, na ninayashikilia kwa dhati, ni kwamba waandishi wa mswada walikosea kufunga vifungu vyote katika furushi moja. Sharti la kutaja kifungu cha hataza, sharti la kumtaja mmiliki wa kweli na kinga ya mteja havikuwa na mpinzani wa maana. Vingepita peke yake, na kwa mtu aliye katika hali yako vingekuwa na manufaa kuliko kifungu cha mshindwa kulipa, ambacho hakimsaidii mtu asiye na fedha za kufika mwisho wa kesi ili ashinde kwanza.

Majimbo hayakusubiri. Mwaka 2012 na 2013 kampuni iitwayo MPHJ Technology Investments iliwaandikia wafanyabiashara wadogo nchi nzima. Fikiria ofisi yenye watu 10 na mashine moja ya kunakili ukutani. Mtu anaweka karatasi, anabonyeza kitufe, na waraka unafika kwenye barua pepe ya mwenzake. Barua ilieleza kuwa tendo hilo linahitaji leseni, kwa takribani dola 1,000 kwa kila mfanyakazi. Baada yake ilikuja barua ya ofisi ya mawakili, kisha nyingine iliyoambatanishwa rasimu ya hati ya mashtaka. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, zaidi ya biashara 16,000 zilipelekewa barua hizo kupitia kampuni za mfukoni 81, yaani zilizopo kwenye karatasi tu, zenye majina yasiyo na maana kama AccNum na FasLan, na wakati huo hapakuwa na maandalizi yoyote ya kushtaki.

Vermont, jimbo dogo, lilikuwa la kwanza kujibu. Miongoni mwa waliopata barua walikuwemo mashirika yasiyo ya faida yanayowahudumia watu wenye ulemavu, na Mei 2013 Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliishtaki MPHJ chini ya sheria ya kumlinda mlaji. Mwezi huohuo jimbo likapitisha sheria ya kwanza nchini dhidi ya madai ya hataza yanayotolewa kwa nia mbaya. Sheria hiyo inamwelekeza jaji aangalie mambo yanayoonekana wazi kwenye barua yenyewe: kama namba ya hataza imetajwa, kama mmiliki na anwani yake wamewekwa, kama imeelezwa bidhaa inakiuka wapi, na kama muda wa kulipa ni mfupi kupita kiasi. Mahakama inaweza kumtaka mdai aweke dhamana ya hadi dola 250,000 kabla ya kuendelea. Majimbo zaidi ya 30 yaliiga mfano huo kwa namna mbalimbali, na Novemba 2014 Tume ikafikia makubaliano na MPHJ yaliyoikataza kudanganya kuhusu mashtaka na leseni. Uwezo wa sheria hizi una kikomo, kwa kuwa hataza ni jambo la shirikisho na mahakama za shirikisho hudai uthibitisho mzito wa nia mbaya, lakini kwa barua kama yako ndiyo silaha iliyo karibu zaidi na mkono wako.

Sehemu nyingine ya kazi ambayo Bunge lilishindwa kuifanya ilifanywa na Mahakama ya Juu. Aprili 2014, katika shauri la Octane Fitness, majaji wote waliwarahisishia mahakimu wa chini kumtoza gharama mdai aliyeendesha kesi isiyo na maana. Juni mwaka huohuo, katika shauri la Alice, waliamua kwamba wazo la kawaida halipati hataza kwa sababu tu limewekwa kwenye kompyuta, na hoja hiyo mdaiwa anaweza kuitoa mapema sana, kabla gharama hazijapanda. Kwa kampuni ya programu, naamini uamuzi wa Alice umezuia madai mengi kuliko sheria yoyote iliyopitishwa na Bunge.

Kisha kuna suala la mahali. Kwa miaka mingi mdai aliweza kufungua kesi karibu popote bidhaa ilipouzwa, na wengi walichagua Wilaya ya Mashariki ya Texas, yenye mahakama katika mji mdogo wa Marshall. Mwaka 2015 zaidi ya kesi 4 kati ya kila 10 za hataza za nchi nzima zilifunguliwa katika wilaya hiyo moja. Samsung, waliokuwa wakishtakiwa huko mara kwa mara, walidhamini uwanja wa kuteleza kwenye barafu mbele ya jengo la mahakama, ambako watoto wa watu wanaoweza kuitwa kwenye juri walicheza majira ya baridi. Mei 2017, katika shauri la TC Heartland, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kampuni ya Marekani hushtakiwa katika jimbo iliposajiliwa, au pale ilipofanya ukiukaji na ina ofisi ya kudumu. Aprili 2019 Apple walifunga maduka yao ya Plano na Frisco yaliyokuwa ndani ya wilaya hiyo na kufungua jingine Dallas, nje ya mpaka wake, na wanasheria wengi waliona sababu bila kuambiwa. Hata hivyo maji yalitafuta njia nyingine. Jaji mmoja wa Waco, katika Wilaya ya Magharibi ya jimbo lilelile, aliwakaribisha wenye hataza, na kufikia 2021 alikuwa akipokea karibu robo ya kesi zote za nchi, mpaka Julai 2022 jaji mkuu wa wilaya yake alipoagiza kesi za hataza za Waco zigawanywe kwa bahati nasibu kati ya majaji 12. Kesi zikarudi Texas Mashariki.

Jambo la mwisho unalopaswa kulijua ni kwamba upepo umegeuka. Tangu uamuzi wa Bodi katika shauri la Fintiv mwaka 2020, ofisi ya hataza inaweza kukataa hata ombi lenye hoja nzuri, hasa kwa sababu tarehe ya kesi mahakamani iko karibu. Mwongozo wa ofisi hiyo wa 2022 ulipunguza ukataaji huo, lakini uliondolewa Februari 2025, na njia ile ikawa nyembamba tena. Miswada iliyo mbele ya Bunge katika miaka ya karibuni nayo mingi inamwelekea mwenye hataza: PREVAIL ungeweka masharti magumu zaidi ya kuifikia Bodi, PERA ungepunguza nguvu ya uamuzi wa Alice, na RESTORE ungerudisha zuio lililopunguzwa na eBay. Kinachoelekea upande wako ni mapendekezo ya kulazimisha wafadhili wa kesi wajulikane, maana siku hizi nyuma ya kampuni ya mfukoni mara nyingi yupo mwekezaji anayelipia mawakili kwa kugawana mapato. Jaji Colm Connolly wa Delaware aliyadai hayo kwa amri zake mwenyewe tangu Aprili 2022. Ukipata nafasi ya kumwandikia mbunge wako, mwandikie kuhusu hilo na kuhusu kinga ya mteja, na umweleze kiasi ulichodaiwa.

Kuhusu barua iliyo mezani kwako, usiitupe. Mdai anaweza kusema baadaye kuwa ulijua na ukaendelea, na ukiukaji wa makusudi unaweza kuzidishiwa fidia hadi mara tatu. Usimjibu mwenyewe pia. Tafuta namba ya hataza katika kumbukumbu za wazi za ofisi ya hataza, uangalie nani ameandikishwa kuwa mmiliki, kama ada za kuihuisha zililipwa, na kama muda wake, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu maombi kuwasilishwa, umekwisha. Hata ikiwa umekwisha, mdai anaweza kudai fidia ya miaka 6 ya nyuma. Angalia katika kumbukumbu za Bodi kama kuna aliyekwisha kuipinga. Ikiwa huduma ya kutuma taarifa mliinunua kwa kampuni nyingine, soma mkataba wenu, kwa maana mara nyingi muuzaji ameahidi kubeba madai ya aina hii. Kisha mwombe wakili, pengine mwingine mwenye uzoefu wa kazi hii, aandike barua fupi inayouliza ni kifungu kipi cha hataza na ni sehemu ipi ya programu yenu. Mdai asiyejibu maswali hayo mawili amekupa ushahidi wa kutumia chini ya sheria ya jimbo lako. Watafute pia wengine waliopata barua hiyohiyo, kwa kuwa ombi moja mbele ya Bodi linaweza kulipiwa na watu 10. Na endapo mtashtakiwa, andika mahali pa wazi tarehe mliyokabidhiwa hati ya mashtaka, si tarehe ya barua hii, kwa sababu kuanzia siku hiyo mna mwaka mmoja tu wa kuifikia Bodi, na ukipita hakuna jaji anayeweza kuurudisha.